Kuinyamazisha Kadi ya Mpofi

Mashine ilikuwa inakwama palepale kila nilipoiwasha. Feni inaanza kuvuma, maandishi meupe yanapanda mbio kwenye kioo cheusi, kisha yanasimama kwenye mstari mmoja wa Kiingereza. Mstari huo ulisema kwamba laini ya kumi na moja imeita na hakuna aliyejali. Baada ya hapo hakuna kilichosogea tena. Nilikaa mbele yake katika ghala la bidhaa tuliloliita depo ya Mpofi, jenereta inakula mafuta nje, nikaona kama ni mimi ninayesemwa.

Ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza masomo ya informatiki huko Goma. Kazi niliipata kupitia kaka yangu mkubwa, aliyekuwa shoferi wa mfanyabiashara mmoja wa Butembo, mkatoliki wa kweli, mwenye malori na maduka kutoka Sake mpaka Walikale. Tajiri huyo alikuwa na foni Sake na nyingine Mpofi. Foni ni redio ya kuzungumzia, ya masafa marefu. Katika sehemu zile nguzo ya simu ilikuwa imechomwa moto na haikujengwa tena, kwa hiyo habari zote zilipita kwenye foni: nani amezaa, nani amekufa, daraja gani limekwenda na maji.

Shida ni kwamba kila mwenye foni anamsikia kila mwenye foni. Watu wenye silaha waliokuwa vilimani walikuwa na zao, walizopora kwenye vituo vya afya, na mchana kutwa walisikiliza. Ukisema lori linatoka Sake leo, umewaambia na wao. Ukisema barabara imefungwa mahali fulani, umewashtaki, na watakuja kumtafuta mwenye sauti ile. Ilikuwa imeshatokea. Mtu wa foni wa kijiji kimoja cha upande wa Masisi alilionya gari la wagonjwa kwa mdomo wake, na hata wiki haikuisha mkewe akawa mjane. Watu walijaribu kuficha maneno. Lori waliliita mgonjwa, askari wakawaita mvua. Lakini maneno hayo yalichakaa haraka, hata wauza mihogo sokoni waliyajua.

Ndiyo maana tajiri akanunua mashine mbili za aina moja, na ndani ya kila moja kadi ya kuiunganisha na foni. Unaandika ujumbe, kadi inaugeuza kuwa mlio, mlio unapita hewani, kadi ya upande wa pili inaurudisha kuwa maandishi. Anayesikiliza katikati anasikia kama ndege wanaogombana. Kadi ile ilikuwa na sifa nyingine iliyompendeza tajiri. Ilikula umeme wa betri ya foni, kwa hiyo hata kompyuta ikizimwa, ujumbe ukifika kadi inaupokea na kuutunza katika kumbukumbu isiyofutika hata umeme ukikatika. Nilizijaribu mashine zote mbili Goma, zikafanya kazi. Kisha tajiri akazifungia kila moja katika kizimba cha chuma chenye kufuli, kwa sababu ya waporaji, nje vikabaki kioo, kibao cha herufi na kitufe cha kuwashia. Funguo akaenda nazo Butembo.

Kaka ndiye aliyenifikisha Mpofi. Njia nzima kutoka Sake nilimuuliza maswali: daraja hili litabeba, wale watu pale mbele ni nani, kwa nini yule ametutazama hivyo. Alicheka mpaka akakohoa. "Weye," aliniambia, "hata ukikufa, utauliza kama umekufa vizuri." Aliponishusha mbele ya depo alimwambia mtu wa foni anitazame, maana nina kichwa kizuri lakini hakijui kulala. Kisha akageuza lori akarudi Sake.

Mtu wa foni nilimwita Papa, kama walivyomwita wote. Alikuwa mrefu, mwembamba, mtu wa vilima vya Masisi, wa familia ya wakulima waliolima mlima mmoja tangu babu za babu zake, mpaka vita ikawashusha. Yeye na mkewe walikaa katika chumba cha nyuma ya depo. Papa alikuwa na sheria moja: foni haizimwi. Usiku na mchana, kwenye betri na paneli ya jua, iliwaka na kukoroma kwenye kona. Mkewe ndiye aliyenieleza sababu. Kule kwao, mwaka mmoja, mumewe aliizima jioni ili betri ipumzike, na jioni hiyohiyo kijiji jirani kilikuwa kinawaita kuwaambia wakimbie. Mama hakunieleza zaidi ya hapo, na nilipoona kwamba katika nyumba ile hakukuwa na watoto wala picha za watoto, sikuuliza.

Kompyuta, tofauti na foni, tuliiwasha tu jenereta inapowaka, yaani kwa muda mfupi mchana. Siku za kwanza ilikwenda vizuri. Halafu asubuhi moja ikakwama kwenye mstari ule, na kutoka hapo ikakwama kila siku.

Nilifikiri ni vumbi. Nilifikiri ni mtikisiko wa barabara, ni joto, ni mafuta machafu ya jenereta. Nilifikiri kwamba walimu wangu walinipa diploma kwa huruma. Chakula kilinishinda. Nililala nikiusoma mstari ule juu ya dari. Papa alinivumilia kwa muda, kisha siku moja akaja akasimama nyuma yangu, mikono mgongoni.

"Inasema nini?"

Nikamwambia inasema kuna kitu kinaita, na hakuna aliyejali.

"Ni nani anaita?" akauliza.

Nilitaka kumjibu kwamba swali si hilo. Kisha nikaona kwamba swali ni hilo hasa. Mimi nilikuwa nimehangaika na kwa nini hakuna aliyejali, nikasahau kuuliza mpigaji ni nani.

Nitaeleza kama nilivyomweleza Papa siku ile, isipokuwa kwa kifupi. Ubongo wa mashine ni kama mtu anayelima. Kila kifaa kilichoungwa naye, iwe diski, kibao cha herufi au kadi ya foni, kina kamba ya kumvuta. Kamba ikivutwa, lazima aache jembe aende kuona. Shuleni tuliiita kwa Kifaransa, kwa Kiswahili naiita katizo. Ili kukijibu kifaa anahitaji programu ndogo inayojua lugha ya kifaa hicho, ambayo sisi tuliiita piloti. Piloti zote zinakaa kwenye diski, na mashine inapoamka inazileta moja baada ya nyingine. Kabla piloti ya kifaa haijaletwa, kifaa hicho kikiita, kinaita katika nyumba ambamo hakuna anayejua lugha yake. Kwa kawaida hili halina madhara, kwa sababu mashine inapoamka vifaa vyote viko kimya, havina cha kusema.

Goma kadi zetu hazikuwa na cha kusema. Niliwasha foni na mashine kwa pamoja, nikazima kwa pamoja. Sikufikiria hata mara moja, mimi ninayefikiria kila kitu, kwamba kuna mahali ambapo foni haizimwi kamwe na kompyuta imezimwa karibu siku nzima. Ujumbe uliingia wakati mashine imelala. Kadi ikautunza, kama ilivyoahidi. Tukiwasha mashine, kadi inavuta kamba tangu mwanzo na haiachii mpaka ujumbe wake upokelewe. Na kamba yenyewe, ile ya kumi na moja, ilikuwa imeungwa pamoja na diski. Mfumo, yaani programu kuu ya mashine, ukavutwa, ukaiuliza diski kama ni yenyewe, diski ikakana. Ukavutwa tena, na tena, bila kupumua, mpaka ukaamua kwamba kamba hii ina wazimu, ukaikata. Ilipokatwa, diski nayo haikusikika tena. Na piloti ya kadi ilikuwa bado iko kwenye diski.

Kwa hiyo ule ujumbe wenyewe ndio uliokuwa unamzuia msomaji wake kufika.

Papa alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Basi ni kama mugeni. Anapiga hodi mbele mwenye kujua luga yake hajafika. Anapiga, anapiga, bantu ba ndani banachoka, banafunga mulango. Na ule mwenye kujua luga, naye anabakia inje."

Nilianza kumrekebisha, kwamba si mlango hasa, kwamba kuna ngazi za vipaumbele na kuna mdhibiti katikati. Mkewe akaweka sahani ya majani ya mihogo mbele yangu. "Mutoto, kula kwanza. Sombe iko inapoa."

Kujua ugonjwa hakukunipa dawa. Kadi ilikuwa ndani ya kizimba, na chuma kile kilihitaji kifaa ambacho Mpofi hakikuwepo. Kuzima foni hakukusaidia, kwa sababu ujumbe ulikuwa umekwisha kuingia. Nilizunguka na wazo hilo kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi, na pengine ningezunguka mpaka leo, lakini Jumamosi watu wa Kibua, kijiji kilicho nyuma yetu kwenye barabara ya Sake, wakaanza kupita.

Walikuja kwa miguu, magodoro vichwani, sufuria, kuku walioning'inizwa kichwa chini. Mwanamke mmoja alikaa kwenye ngazi ya depo kunyonyesha, akatueleza bila kuinua macho. Watu wenye silaha walikuwa wameweka kizuizi kwenye kona, chini kidogo ya Kibua. Waendao kwa miguu waliwaacha wapite baada ya kuwavua walichotaka. Gari moja dogo walilichoma, na shoferi wake hawakumpa muda wa kushuka. Alisema walikuwa wanacheka, wanaambiana kwamba hilo lilikuwa la kuonjea tu, wanachongoja ni lori la tajiri wa Butembo.

Kila mtu barabarani alijua malori ya tajiri yanatoka lini. Alikuwa na desturi, na hakuna vita iliyomfanya aivunje: lori lake halitoki Sake ila Jumapili, baada ya misa ya kwanza, padri akishalinyunyizia maji ya baraka pale uwanjani. Kesho yake ilikuwa Jumapili. Shoferi alikuwa kaka yangu.

Sasa niandike kitu ambacho si rahisi kukieleza. Hofu yangu ya kawaida ni kelele, mambo mengi yanaita kwa wakati mmoja. Mchana ule zilinyamaza zote ikabaki moja, na katika ukimya huo nikakumbuka somo moja ambalo darasani niliona halina kazi. Kabla ya mfumo kuamka, kuna programu ndogo inayotangulia, kazi yake ni kuuamsha. Ukiizuia kwa kubonyeza kitufe kwa wakati wake, inakupa mstari mtupu wa kuandikia amri. Na kila kadi ya aina ile ina sehemu ndogo ya mipangilio, na humo kuna alama moja inayoiambia: usivute kamba. Kadi inabaki na ujumbe wake, haupotei, ila inanyamaza. Piloti yake ikishafika, piloti yenyewe inaiondoa alama hiyo, kadi inaita, na safari hii yupo wa kuijibu.

Niliwasha. Nikabonyeza. Mstari mtupu ukaja. Nikaomba orodha ya kadi, nikaisoma mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa sababu nikikosea anwani ningeinyamazisha diski. Niliandika amri, herufi chache na tarakimu chache, nikauachia mfumo uamke.

Maandishi yalipanda. Yakafika mahali pa mstari ule wa hakuna aliyejali, na ule mstari haukuwepo. Yakaendelea. Papa, aliyekuwa mlangoni, aliona uso wangu akafanya ishara ya msalaba.

Ujumbe uliokuwa unangoja ukamwagika kwenye kioo. Mwingi ulikuwa wa chumvi na sabuni. Mmoja ulikuwa wa kaka. "Mdogo wangu, Jumapili baada ya misa naanza. Uniambie kama umezoea. Mama yetu anakusalimia. Usifikiri sana."

Nikaandika jibu mara moja: asitoke, kona ya Kibua, wanamngoja yeye. Kadi ikalia kama ndege. Tukangoja jibu la Sake. Halikuja. Nikatuma tena, nikangoja, nikatuma.

Mwishowe Papa akachukua kipaza sauti akaita Sake kwa mdomo, salamu tu, habari za mashamba na za nyumbani. Aliyejibu alikuwa dada wa foni wa depo ya Sake, msichana ambaye Papa mwenyewe alimfundisha kazi. Sauti yake ilikuwa imechoka. Alisema usiku mabomu yalisikika upande wa vilima, na kwamba siku hizi nao wameacha kuzima foni, kama Papa alivyozoea. Kisha akasema mashine yake imegoma mchana huu alipoiwasha. Inaandika kitu kwa Kiingereza na kusimama.

Nilijua inaandika nini. Ujumbe wangu wa kumwokoa kaka ulikuwa ndani ya kadi ya Sake, salama, haufutiki, na ndio uliokuwa unaizuia mashine kuamka.

Nilifikiria njia zote. Kumwambia kwa mdomo kwamba barabara imefungwa, au kwamba lori lisitoke tu, ilikuwa ni kumuua Papa. Kutumia maneno ya mgonjwa na mvua ilikuwa ni kitu kilekile. Kusema uongo, kwamba nimefariki, kungemfanya kaka aanze safari bila hata kungoja misa. Kutembea mpaka Sake hakukuwezekana. Imebaki moja, nikasema. Dada anaweza kuandika amri ileile niliyoandika mimi. Mashine ni za aina moja, anwani ni ileile. Nimsomee hewani. Si habari ya barabara, si habari ya mtu. Ni herufi na tarakimu.

Nilipolisema nikaona nilichosema. Nilimwomba Papa anipe kipaza sauti, naye hakunipa.

"Sauti yako hajui," alisema. Ilikuwa sheria ya foni zote za barabara ile, tangu wale wa vilimani walipoanza kujifanya watu wa depo: huandiki wala hufanyi lolote unaloambiwa na sauti usiyoijua. "Atakufungia foni. Nitasoma mimi."

Nikamwambia, "Papa, watasikia tarakimu. Watafikiri ni za jeshi, pozisho za mahali walipo."

"Banasikia."

"Watafikiri unawaitia mabomu."

"Mimi ninajua foni mbele yako," alisema, taratibu, kama anayemtuliza mgonjwa. "Kaka yako analeta chumvi yangu tangu miaka. Andika makubwa, macho yangu iko mabaya."

Mkewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma. Aliingia ndani, na nikamsikia anafunga nguo katika kitenge.

Papa alisoma. Kwetu, kwenye foni, herufi hutajwa kwa majina ya mahali, ili mlio mbaya usizichanganye, na nambari husomwa kwa Kifaransa. Sijui aliyeanzisha desturi hiyo. Inatumika mpaka kwa majina ya dawa. Kwa hiyo alisoma: S ya Sake, E ya Eringeti, T ya Tongo, P ya Pinga, C ya Cantine, I ya Itebero. Kisha tarakimu, moja moja. Dada akarudia kila kimoja. Nilisikiliza kwa masikio ya mtu aliye kilimani, ambaye hajui kadi wala piloti, anayesikia miji ya mkoa mzima ikitajwa na nambari zinafuata.

Dada alikosea mahali, wakarudia. Alikuwa bado anaandika sauti nyingine ilipoingia, karibu sana na safi, kama mtu aliye chumba cha pili.

"Mpofi. Unamupea nani hizo pozisho?"

Papa alinionyesha kwa mkono nitulie.

"Papa ya Mpofi. Sauti yako tunaijua."

"Ni mambo ya mashine, kaka," Papa akasema. "Mashine ya Sake inagoma. Ninamuonyesha kuitengeneza."

Kikaja kicheko cha watu zaidi ya mmoja.

"Mashine," ile sauti ikasema. "Sawa, Papa. Tutakuja tukusaidie kuitengeneza."

Papa alikirudisha kipaza sauti kwenye msumari wake. Tulikaa kwenye benchi mbele ya kioo, mimi na yeye, mabega yamegusana. Sikuthubutu kumtazama. Nilifikiria kwamba dada ameogopa, ameacha, amekimbia. Nilifikiria kwamba amekosea tarakimu moja na ameinyamazisha diski. Kisha kadi ikalia, na mstari mfupi ukatokea: amepata, ameshamwonyesha kaka yangu mwenyewe, lori halitoki.

Papa aliusoma kwa sauti, akiufuata kwa kidole. Alikuwa msomaji wa polepole. Alipomaliza alisimama, akaenda kwenye kona, akazungusha kitufe chake, na foni ikazimika. Tangu nifike sikuwahi kuisikia nyumba ile bila kukoroma kwake. Mama alitoka chumbani na kitenge kichwani, akaitazama foni, akamtazama mumewe.

Waliniambia niende na watu wa Kibua, upande wa Walikale, kwa sababu mimi ni mgeni na nisingeziweza njia za msituni. Wao wangepita mashambani. Papa alinipa mhogo wa kuchemsha umefungwa kwenye jani. Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa bado natafuta maneno yaliyo sahihi wakati mgongo wake ulipoingia kwenye mihogo.

Depo ilichomwa. Nilisikia hivyo nikiwa Walikale, na kutoka Walikale ilinichukua muda mrefu na njia mbaya kufika Goma. Kaka nilimkuta mzima. Lori aliliacha, tajiri akamwacha, sasa anabeba mizigo kwa chukudu, kile kigari cha mbao cha Goma, na hanichekeshi tena wala mimi simchekeshi. Jioni moja alirudi akaniambia amemwona Mama wa Mpofi katika kambi ya wakimbizi iliyo pembeni ya mji, yuko peke yake.

Nilikwenda. Ilinichukua siku kadhaa kujiandaa, na sioni haya kusema hivyo. Alikuwa ameketi mbele ya hema la turubai, anapuliza moto wa vijiti vibichi. Alinijua mara moja. Hakulia. Alinieleza kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi, ingawa nadhani alikuwa hajamweleza yeyote.

Wale wa vilimani waliwakamata kesho yake, kwenye njia ya mashamba. Yeye walimketisha pembeni. Papa hawakumpiga mwanzoni. Walitaka kitu kimoja tu, awaeleze maana ya zile nambari: mahali gani ni wapi, na nani aliambiwa apige. Naye akawaeleza. Mama alinisimulia maneno yake akitazama moto. Aliwaambia kwamba ndani ya mashine mna kadi inayoita kabla mwenye kujua lugha yake hajafika, na kwamba zile nambari zinaiambia inyamaze kwanza, ingoje. Ndiyo maana yake yote. Wakacheka. Wakamuuliza tena. Akaeleza tena vilevile, hakubadilisha hata neno. Walipochoka kuuliza walimpeleka nyuma ya migomba.

Akasukuma kijiti ndani ya moto.

"Ninataka kukuuliza kitu," akasema. "Mimi sikusoma. Hata yeye hakusoma sana. Ile alibaambia, njo kweli ilikuwa maana yake? Ao alitunga tu, ili kaka yako apone?"

Nilikuwa na majibu mengi. Kwamba si kuita hasa, ni kuvuta. Kwamba kuna anwani, na kuna alama, na piloti ndiyo inayoiondoa. Yote yalinijia, na nikaona kwamba Papa, kwa kusikia mara moja tu huku sombe ikipoa, alikuwa ameelewa vizuri kuliko nilivyofikiri, na amelisema sawasawa mahali ambapo kulisema sawasawa hakukuweza kumsaidia.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Njo ilikuwa maana yake. Kweli tupu."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akapuliza moto tena mpaka ukashika. Kisha akasogea pembeni kidogo kwenye mkeka, nikaketi.